Leta Kizingiti

Nilimpelekea Jagna mji wangu wa kwanza:
minara mia, miezi miwili angani,
na ukungu wa kuficha nisichojua kuchora.
Akautazama kwenye skrini, chai ikipoa mkononi.
"Tymon," akasema, "watu wa hapa hutupa wapi majivu?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa na watu.

Akanitoa nje, Łódź, mwezi wa Februari,
na penseli na daftari tu.
"Niletee kizingiti kimoja. Mnara sitaki."

Nikakizunguka kiwanda cha zamani cha nguo,
matofali mekundu yaliyolambwa na masizi,
vidole vikifa ganzi ndani ya glavu zilizokatwa ncha.
Mlango wa nyuma, jiwe la chini
limebonyea upande wa kushoto tu.
Kwa nini kushoto? Nikachuchumaa.
Ukutani, kimo cha bega, tofali linang'aa kwa kusuguliwa:
hapo, zamu kwa zamu, wafumaji walijiegemeza
wakikung'uta theluji viatuni.

Nilichora mpaka taa za barabara zikawaka.

Usiku nikaurudia mji wangu.
Nikafuta minara tisini na saba.
Iliniuma, sidanganyi.
Nikaweka mlango, ndoo ya majivu,
na jiwe lililobonyea.
Mchezaji atapita hapo mbio, upanga mkononi,
asilione.
Ila mguu wake, nadhani, utapunguza mwendo.

Jagna hakusifu.
Alivuta kiti karibu na skrini,
akauliza kama ndani moto umeshawashwa.