Kiti Kinachopima Uzito

Chengo, ufunguo nimeutundika msumarini, nyuma ya mlango wa stoo.
Usiuache kwenye mashine hata ukienda kunywa maji tu;
watoto wa wageni huikwea wakidhani ni ya bembea.

Asubuhi isimamishe pahali tambarare.
Chomoa kijiti cha oili, kifute, kitumbukize, kichomoe tena:
ukiamini mara ya kwanza utadanganywa.
Petroli itie injini ikiwa baridi.
Mimi niliitia ikiwa moto, mwezi wa Mei;
nyusi za kushoto zilirudi Agosti.

Kisha tembea. Uwanja wote, kwa miguu.
Utaokota mawe, mfupa wa mbuzi, kigae cha chetezo,
ndala moja ya mtoto.
Usichokiokota wewe, kisu kitakirusha,
na hakiulizi kinamwendea nani.

Kharifu ikiingia Salala
mvua hainyeshi wala haikatiki.
Ukungu unateremka mlimani na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga,
na nyasi zinakua usiku, kama deni.
Ule mteremko karibu na minazi
panda ukinyooka, shuka ukinyooka,
usiukate ubavuni, usigeuze katikati.
Ukilowa, uache kabisa.
Musallam atapiga simu. Mwambie umelowa.
Atapiga tena.
Mwambie tena.

Nyasi mbichi huganda chini kama ukoko.
Mkono usiupeleke.
Zima, toa ufunguo, ngoja:
visu huendelea kuzunguka baada ya mlio kufa,
kama ulimi wa mtu aliyekwisha kuombwa radhi.
Chomoa waya wa plagi, ndipo ukwangue kwa kijiti.
Shahadat, yule wa jikoni, alikuwa dereva kabla yangu.
Anakoroga chai kwa mkono wa kushoto.
Usimuulize. Tazama tu.

Sasa kiti.
Chini yake kuna swichi: ukiinuka, injini inakufa.
Enzi za Shahadat nyaya zake zilifungwa pamoja kwa gundi nyeusi
ili kazi isikatike.
Mimi nilizifungua.

Mama yangu, simuni, kutoka Ganze,
aliniuliza mara moja:
«Hizo nyasi mnampa ng'ombe yupi?»
Nikasema, hakuna ng'ombe, mama. Tunazikata, tunazitupa.
Akanyamaza, nikadhani laini imekatika.
«Na wanakulipa?» akasema.
Tukacheka mpaka salio likaisha.

Mwaka aliofariki sikupata ruhusa.
Nilikuwa napika, naangalia sufuria, nafunika.
Siku moja katikati ya uwanja mashine ikazimika.
Nikawasha. Ikazimika.
Nikakagua petroli, plagi, chujio la hewa,
kila kitu kizima.
Kiti hakikuona mtu juu yake.

Musallam akaja na koleo:
«Unganisha nyaya, bwana, Ijumaa watu wamejaa hapa.»
Nikasema hapana.
Sikuwa na la kuongeza, ndiyo sababu labda alinielewa.
Nikaingia jikoni. Shahadat akanipakulia wali na dengu,
sahani ya pili hakuniuliza.
Siku kumi na nne nilisukuma ile mashine ndogo ya mkono,
nikila kama aliyeandikiwa na daktari.
Ya kumi na tano nikakaa,
ikanguruma,
nikafika mwisho wa uwanja, nikageuza, ingali inanguruma.

Ukirudi nyuma, geuza shingo kwanza.
Usimpakie mtu, hata ukimpenda.
Chujio likung'ute kila jioni, vumbi la huku ni unga.
Vizibo vya masikio vimo mfukoni mwa koti la mvua.
Mkanda mpya uko kwenye boksi la tende,
nimeununua kwa pesa yangu, riyali nne na baisa mia mbili.
Usinirudishie.
Kula.