Sare Nyeupe

Nipeni mtu mwingine anayeijua Mbale kama mimi.
Si kwa barabara zake. Kwa vyoo.
Cha benki kina sabuni, ila mlinzi anauliza maswali.
Cha kanisa hufungwa Jumatatu.
Cha stendi ni shilingi mia tano, na chenji haisubiriki.
Bora nyuma ya duka la Hajati Zubeda: mlango wa bati,
ufunguo kwenye msumari,
hatua arobaini na mbili kutoka kwenye mzunguko.

Saa nne asubuhi malori ya saruji yanaingia kutoka Tororo.
Mkono wangu uko juu, magari yote yametii,
tumbo peke yake halijui amri.
Linajikamua kama shuka mikononi mwa dobi.
Nawafungulia wote kwa mpigo mmoja,
wa Soroti, wa Kumi, wa mlimani,
waombane njia wenyewe,
nami natembea.
Sikimbii. Askari akikimbia, mji mzima hukimbia.

Sare ya trafiki ni nyeupe.
Aliyeichagua rangi hii hakuwahi kuhara damu.

Miaka miwili walinitibu amiba.
Kisha taifodi. Kisha amiba tena,
vidonge vilivyofanya ulimi wangu uonje misumari.
Shangazi Nambozo akasema ni mkono wa mke mwenza.
Mke mwenza gani, shangazi, nami sina hata mume wa kugawana?

Kampala, Dakitari Ocen alinionyesha utumbo wangu kwenye kioo:
mwekundu, umechimbika,
kama njia ya Bududa baada ya masika.
"Si mdudu," akasema. "Si uchawi. Wala si ulichokula.
Askari wa mwili wako wamemsahau adui,
wanapiga nyumbani."
Nikacheka. Dakitari, nikamwambia,
mimi nimezaliwa kambini, hayo nayajua.
"Na nitapona?"
"Hautoki. Unatulia."
Akalitua neno hilo polepole
kama mtu anayeweka yai juu ya meza.

Dawa zikanivimbisha uso.
Vijana wa boda wakapeana macho:
Afande Khainza ananona, rushwa zinamkubali.
Niliwaacha.
Niliona afadhali waniite mla rushwa
kuliko wajue. Tazama aibu inavyopiga hesabu.

Mwaka wa imbalu, mdogo wangu Wepukhulu alisimama uani,
tope la kinamasi usoni, macho mbele.
Kisu kikapita. Hakupepesa.
Vigelegele vikapanda hadi miambani.
Nami nilikuwa nyuma ya nyumba, chooni kwa mama,
nimeuma pindo la leso,
kisu changu kikipita mara ya kumi na moja tangu alfajiri,
na ngoma zile zile, bila kujua, zikinishikilia.

Jioni mama akaleta malewa kwenye rojo la karanga.
Siwezi, mama. Nyuzi zake zinanikwaruza.
Hakuuliza.
Akarudi na matoke aliyoyaponda mpaka yakasahau umbo,
chakula cha mtu asiye na meno,
akakaa nami, mgongo wake kwa wageni,
hadi sahani ikaisha.

Kuna miezi ya utulivu. Nisidanganye.
Miezi ninayosahau kuhesabu,
ninaponunua suruali bila kufikiria rangi.
Halafu usiku mmoja, mkunjo mdogo ubavuni kushoto,
na najua mgeni amevua viatu mlangoni.

Juzi nilifika kwenye mlango wa bati,
kufuli jipya, msumari mtupu.
Nikasimama pale, afande mzima, jasho shingoni,
nikibana miguu kama mtoto wa chekechea.
Hajati akatokea, akachomoa ufunguo kwenye mtandio.
"Wengine wataomba dukani. Huu ni wako.
Nimekuwa nikikuona unavyotembea tangu Ramadhani."

Nimeufunga kwenye kamba ya filimbi.
Nikipuliza, unagonga kifungo, tiki, tiki.
Hatua bado ni arobaini na mbili.