Ndama wa Ngozi

Ukumbi wa shule ya wasichana, Ibra,
viti mia mbili vya plastiki, taa moja,
na mwenye taa ni mimi.
Ghaniya hakuvaa nundu. Hakuvaa barakoa.
Alivaa baibui la nyumbani, lililochakaa viwiko,
akasimama mpaka watu wakaacha kukohoa.

Miezi mitatu alikesha zizini kwa ami yake, Sinaw,
akisoma kitabu kisicho na herufi:
ngamia hupiga magoti ya mbele kwanza,
husita, kama aliyesahau jambo,
ndipo nyuma ikafuata.
"Hapo kwenye kusita," aliniambia, "ndipo ninapoingia mimi.
Nikipakosa, nimebaki mtu aliyechuchumaa."

Basi jukwaani akatua, akasita,
na shingo ikaota, wallahi niliiona ikiota
pale palipokuwa na mtandio.

Ndama amekufa usiku wa pili.
Wamemchuna, ngozi wameishindilia majani makavu,
wameishona kwa uzi wa gunia,
wamemletea mama: haya, mnuse mwanao, utupe maziwa.

Ananusa.
Pua kwanza, halafu shavu, halafu mshono.
Kwenye mshono anakaa sana.
Bibi mmoja mstari wa tatu kaziba mdomo kwa ncha ya shela,
naye kwake, namjua, anafuga kuku tu.

Hapo, nyuma kabisa, karibu na mlango,
Mofazzal mkamuaji, aliyeishona ile ngozi kwa mkono wake,
asiyejua Kiarabu cha jukwaani wala Kiswahili chetu,
akatoa ule mluzi wa alfajiri,
mluzi wa ndoo.

Haukuwamo kwenye mazoezi.
Ghaniya akageuza sikio. Sikio, si kichwa.
Mkono ukaniganda kwenye taa:
sikujua tena ninammulika nani.

Nyuma ya pazia, akijichambua majani nyweleni,
nikamuuliza: yule ngamia, anajua kwamba ni ngozi?
Akanywa maji, chupa nzima.
"Anajua," akasema. "Maziwa ndiyo hayajui."

Tukapakia: taa, waya, baibui ndani ya mfuko.
Ndama tukamweka kiti cha nyuma.
Hatujafika hata kituo cha mafuta
nikasimamisha gari, nikashuka,
nikamfunga mkanda.

Ghaniya hakucheka.