Korosho na Kongosho

Mwezi wa kumi Newala yote inanuka mabibo.
Nyuma ya nyumba kuna pipa la uraka,
na atakayeshika tumbo msimu huu
ameshahukumiwa kabla ya kufika hospitali.

Nilifika nimejikunja kama korosho yenyewe.
Maumivu yalianzia chini ya chembe ya moyo
yakatokea mgongoni, pale ninapobebea mtoto.
Nikatapikia kandambili za shemeji.

"Laipezi," akasoma Daktari Nachunga,
"kawaida haivuki sitini.
Yako mia tisa na arobaini."

Shemeji Lipanda akacheka puani:
"Si nilisema? Wabanguaji hawa,
uraka ndiyo maji yao."

Sijaonja uraka.
Baba alifia humo. Pipa nalizunguka kwa mbali.

Daktari hakubishana. Aliniuliza mambo mengine:
chakula gani kinaniamsha usiku,
vidonge gani nameza,
macho yaliwahi kuwa manjano?
Akapaka jeli ya baridi ubavuni kulia
akanigeuzia kioo:
vijiwe, kama mbaazi zilizosahaulika chunguni,
na kimoja kimeteremka, kimekaa mlangoni.

"Kongosho linapika maji ya kumeng'enya chakula.
Mlango ukizibwa,
maji yanaanza kumeng'enya jiko."

Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi.
Miaka kumi na tisa nabangua.
Ganda la korosho lina mafuta yake,
yametulia tuli
mpaka ulipasue vibaya, ndipo yale vidole.
Mashine ya vitambulisho ilinikataa mara tatu:
sina tena alama za kugandamiza.

Nikaomba dawa ya kushusha ile namba.
Akatikisa kichwa.
"Jogoo haleti alfajiri, mama.
Hatumchinji jogoo."

Basi dripu, chupa juu ya chupa,
sindano ya maumivu, mdomo mkavu,
kisha uji mwepesi, vijiko vitatu, vinne.
Wiki ijayo Ndanda,
wakautoe mfuko wa nyongo na mbaazi zake.

Siku ya nne Lipanda alileta chupa ya uji.
Akakaa ukingoni mwa kitanda, kimya,
harufu ya mabibo ikatangulia pole yake.
Mkono wake wa kushoto haukutoka tumboni.

Nikamsogezea nafasi.
"Maabara," nikamwambia,
"mlango wa pili. Wako wazi mpaka saa tisa."