Shahidi

Usiniambie kuhusu nyota, Sabyrbek.
Kila anayeinamia darubini hii mara ya kwanza
huinuka na nyota mdomoni.
Mimi nimepanda kutoka Naryn, saa tatu za matope
na theluji inayoyeyuka barabarani,
kuja kulitazama giza lako.

Giza kwanza. Vijiti baadaye.
Giza liwe jeusi kama tako la birika,
lisiwe kijani cha maji ya dimbwi.
Likiwa kijani, asidi yako imechoka,
au ulihesabu dakika tatu huku unajibu simu.
Wala lisiwe jeusi kupita kiasi:
pamanganeti ikilala juu ya kioo
huwazima wote, mwizi na mwenye nyumba.

Kioo cha kwanza ni makohozi kweli, si mate.
Chembe nyeupe zipo, hafifu, kama ukungu wa pumzi dirishani.
Cha pili kizito. Ulipaka kama mtu
anayempakia mgeni siagi.
Cha tatu kimebanduka ukingoni.
Uliosha chini ya bomba lililofunguliwa lote, ee?
Ananiita *eje*, dada mkubwa, anacheka kidogo,
anaandika. Ana mwandiko mzuri.
Daftari lake halina doa,
na safu nzima ya juma hili inasema
hakuna, hakuna, hakuna,
hakuna.

Nikaomba shahidi.
Yaani kile kioo tunachokijua,
cha mgonjwa ambaye hatubishani juu yake,
kinachooga rangi ileile, siku ileile, pamoja na wenzake,
ili tujue kama rangi yenyewe ni mkweli.
Nikakiweka chini ya taa ya buluu.
Nikazungusha skrubu. Nikarudi nyuma. Nikafuta lenzi.
Uga wa kwanza, wa kumi, wa arobaini.

Shahidi naye anasema hakuna.

Sikumgombeza. Macho yake
yalifika dirishani kabla ya yangu.
Rafu ilivunjika Februari, alisema,
akaiweka chupa pale kwa siku moja tu.
Oramini, ndani ya chupa angavu iliyokuwa ya maji ya madini,
imeota jua la milimani miezi mitatu,
ikipauka taratibu, bila kumwambia mtu,
nzuri kuitazama kama chai ya limau.

Tukachanganya rangi mpya. Tukapaka upya
vioo vyote ishirini na sita, kimya,
hita ikikohoa kuliko wagonjwa.
Kwenye saa kumi na moja jioni shahidi akasema.
Akasema kwa sauti: manjano yenye ukijani,
vijiti vyembamba, vimepinda kidogo
kama kucha za mtoto mchanga.
Na namba kumi na tisa,
aliyeandikiwa hakuna siku ya Jumanne,
alikuwa navyo vitatu.
Vitatu, katika urefu wote wa kioo.
Nikampisha kiti atazame mwenyewe.
Akahesabu mara mbili.
Hakusema nyota.

Namba kumi na tisa ni Kanyshai, mkamuaji.
Jumatano alipanda lori na kondoo,
na shemeji, na watoto wawili,
kwenda malishoni upande wa Son-Kul.
Watalala hema moja. Simu haifiki.
Karatasi yenye neno letu anayo mfukoni,
na labda amekwisha kumwonyesha mumewe.

Alfajiri nilimkuta Sabyrbek amemtandika farasi wa mjomba,
vikopo vya makohozi vimo ndani ya koti,
na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.
Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi, mwaka wangu wa pili,
kulikuwa na chupa. Sikusema.
Farasi alikuwa na haraka kunizidi.

Nikarudi ndani kufunga kisanduku changu.
Kabatini, mbali kabisa na dirisha,
chupa ya oramini imevaa soksi,
soksi ya sufu, ya mguu wa kushoto,
imefungwa kamba shingoni,
na tarehe ya jana
kwa ule mwandiko mzuri.