Hewa ya Kulinda Chuma

Miaka thalathini na moja nimegonga mihuri
posta ya Wete. Sasa nimestaafu,
mkono bado unagonga: meza, goti, ukingo wa kitanda,
hata Time akasema: Shaame, utafutie kazi mkono huo
kabla hujanipiga muhuri mimi.

Nikasema nitaunga chuma.
Akacheka mpaka chai ikampalia.

Nikavuka Unguja. Mlandege, dukani kwa Mbarouk Faki,
mashine zimepangwa kama watoto wa chuo siku ya mtihani.
"Hii ya vijiti haina makuu," akasema.
"Kijiti kimevaa nguo yake. Kikiwaka,
nguo inageuka moshi, moshi unakilinda.
Utaunga hata uwanjani, kusi likivuma,
ila kinaacha gamba, ulibandue kwa nyundo.
Hii ya waya inashona kama cherehani,
lakini waya uko uchi: hutembea na mtungi."

Uchi. Neno likanikaa.
Kwani chuma kikiyeyuka kinaogopa nini?
"Hewa hii tunayovuta. Ikikigusa kingali maji
kinaharibika kabla hakijaganda."
Na mimi umri wote nikidhani hewa ni rafiki wa kila kitu.

Kisha mitungi.
Kaboni, ile ile ya kwenye soda, rahisi,
inazamisha moto ndani
lakini inatema cheche kama mafuta yaliyoingia maji.
Na agoni. "Bwana huyu haungani na mtu.
Hawaki, hanuki, haoi wala haozi.
Kwa chuma chako ni robo tatu yake, robo kaboni:
moto unatulia, mshono unang'ara.
Agoni tupu waachie wenye kuunga alumini."
Nikauliza bei. Akaitaja akitazama barabarani,
kama baba wa bi harusi anayetaja mahari.

Nikachukua kaboni.

Boti ya abiria ikaukataa mtungi.
Ukangoja meli ya mizigo siku tisa,
na mimi Limbani naipangusa mashine kila asubuhi.
Time akaiita mke mwenza.

Siku ya siku, saa tatu, umeme haujalegea,
uani, geji kwenye lita kumi.
Nikainua kofia: mshono una matundu,
chila mtupu, umekosa tui tu.
Lita kumi na tano: chila. Ishirini: chila.
Nikalaumu waya, nikalaumu mashine,
nikamlaumu Mbarouk na ukoo wake.

Time alikuwa pembeni anapepeta mchele.
Hakusema. Akanionesha kwa kidevu:
wishwa wote ulikuwa ukienda upande mmoja,
unapita juu ya meza yangu
kama barua zenye anwani.
"Hewa yako ndiyo hiyo," akasema. "Imeshafika Bopwe."

Nikahamia stoo, nikafunga mlango, nikafunga dirisha.
Mshono wa kwanza ukatoka mzuri.
Wa pili kichwa kikawa kizito, magoti si yangu,
na mlango ukafunguliwa kwa teke.
Kumbe kinacholinda chuma hakimlindi mtu;
kinatanda chini kimya, kinajaa kama maji kisimani.

Sasa mlango wazi, dirisha wazi,
na kipande cha bati kimesimama baina ya mlango na meza.
Upepo wangu unapita. Wa chuma unakomea hapo.
Ilichukua wiki nzima kujua bati likae wapi,
shibiri mbele, shibiri nyuma,
Time akilisogeza kwa mguu, mikono ina unga.

Kazi ya kwanza ya maana: mbuzi wake,
aliyekatika ulimi tangu Ramadhani.
Nikasugua kutu mpaka chuma kikang'aa,
nikaunga, nikangoja kipoe chenyewe, sikukimwagia maji.
Mshono una nundu, umepinda kidogo kushoto.

Akamkalia. Akavunja nazi, akakuna.
Hakusema kizuri wala kibaya.
Nilikuwa nimesimama mkono mfukoni,
sijui umeacha kugonga tangu lini.

Akanyosha wake, bila kunitazama:
nipe kizio cha pili.