Mia Mbili na Nne

Hull, mwezi wa pili, mvua haijaamua kunyesha.
Nimepiga magoti chini ya ngazi za kampuni ya pampu,
nang'oa nyaya zilizopigwa ukutani
kabla mama yangu hajaolewa.
Wahenga walisema ya kale ni dhahabu.
Haya ni shaba: kilo kumi na nne,
na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshapiga hesabu.

Mahali pa kabati zima lililokuwa likivuma kama jokofu
naweka kisanduku kisichozidi kitabu cha sala.
Ndani yake programu huria
ya watu wasiojuana:
mmoja Tallinn, mmoja Recife, mmoja hataji kwao,
kila mmoja kasuka ukili wake,
mkeka ukashonwa.

"Ni ya nani?" akauliza Bwana Ackroyd, mkurugenzi.
Ya yeyote anayeweza kuisoma.
"Bei?"
Bure. Mnanilipa mimi.
Akakunja uso kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.

Bi Glenys Thackray hakuuliza bei.
Miaka thelathini na mmoja kwenye swichibodi,
alimjua mteja kwa pumzi anayovuta kabla ya kusema.
"Siku hizi hawapigi, mpenzi," akaniambia
(huku humwita kila mtu mpenzi,
nimezoea, moyo haushtuki tena),
"hawa vijana wa mauzo wanaandika tu. Simu ikilia
wanaitazama kama nyigu kaingia ofisini."
Nilihesabu kwenye kumbukumbu za mfumo:
Jumanne nzima, simu kumi na moja.
Tisa za matapeli.

Tulirekodi sauti yake Ijumaa, siku yake ya mwisho kazini.
Kwa mauzo bonyeza moja. Kwa matengenezo bonyeza mbili.
Mara ya kwanza alikohoa.
Ya pili alicheka katikati ya "matengenezo".
Ya tatu ilitoka safi, imenyooka, haina mtu ndani.
Nikaweka ya pili.

Kisha Alhamisi moja, niko nyumbani na chai yangu,
naukagua mfumo kutoka mbali,
nikaona namba ya Withernsea
imepiga saa nne kamili asubuhi,
ikasikiliza orodha yote, haikubonyeza kitu,
ikakata. Ikapiga tena. Mara sita.
Nikadhani ni roboti la matapeli, nikataka kulifungia mlango.
Kidole kikasita. Nikampigia Glenys.

"Huyo Wilf Garbutt," akasema.
"Alinunua pampu mwaka wa tisini na tano. Haijaharibika hata siku moja.
Tangu mkewe afariki, kila Alhamisi hupiga
kuuliza kama vipuri bado vipo."
Vipo?
"Viliisha zamani, mpenzi."

Basi.
Ungekuwa mfumo wa kununuliwa ningejaza fomu,
ningesubiri wiki mbili nijibiwe kuwa huduma hiyo haipo.
Huu niliufunua kama sufuria,
nikatia mistari minne:
namba hii ikija, Alhamisi, saa nne,
isisomewe orodha. Iende mia mbili na nne.
Na mia mbili na nne haiko tena mapokezi.
Iko jikoni kwa Glenys, kando ya birika,
kasimu keusi kalikochomekwa kwenye intaneti
karibu na bakuli la paka.

Ackroyd sikumwuliza.

Asiyekuwepo na lake halipo, walituambia.
Glenys hayupo, kiti chake wamewekea printa,
na saa nne anapokea.

Siwasikii wanachosema, wala sitaki.
Naona pakiti tu, hamsini kwa sekunde kila upande,
zinakwenda, zinarudi,
dakika arobaini kwa habari ya pampu nzima.

Juu ya ile mistari minne nimeacha maelezo,
maneno ambayo mashine huyaruka bila kuyasoma,
kwa fundi atakayekuja baada yangu, nisiyemjua:
Usifute.
Vipuri viko njiani.